Ahadi yao ni ya hiari, kontra yetu ni ya miaka 30



Msimu uliopita wageni walifika kwenye stesheni yetu ya kuoshea kahawa. Hawakuuliza hata neno juu ya kahawa. Walipima unene wa grevilea kwa utepe, wakapiga picha miti ya kivuli, wakaandika namba ndani ya telefoni. Kiisha tukakaa nao chini ya hanga, wakatueleza: kule Bulaya kuna kampuni kubwa ambayo imeahidi, kwa hiari yake, kupunguza gesi zinazopasha dunia joto. Sehemu ya gesi hizo inasema haiwezi kuipunguza yenyewe kwa sasa. Basi inataka kulipa watu wanaopanda miti, ili miti hiyo ivute gesi kwa niaba yake. Wakatuachia kontra ya kurasa 34, yote kwa Kifaransa, ya miaka 30. Wakasema watarudi kuchukua sahihi.

Sisi tunaoandika ukurasa huu ni kamati ya koperative moja ya kahawa kandokando ya Ziwa Kivu. Shirika linalotoa gazeti hii limetupa ukurasa, halikutupa maneno. Tunaandika juu tunajua wageni hao, ao wengine wa namna yao, wanapita kwenu pia. Na tumesikia kwamba kuna makoperative ambayo rais ametia sahihi kwenye kiti cha motokari, mashini ikiwa inanguruma.

Kwanza tuseme wazi: hatukatai. Kupanda miti ni kazi yetu, na mtu akitaka kuilipa, hatutamfukuza. Lakini tulipoisoma kontra ile polepole, pamoja na mwalimu wa shule aliyetutafsiria, tuliona kitu ambacho hatukukiona siku ya kwanza. Neno "hiari" liko ukurasa wa kwanza, nalo ni la kampuni. Kuanzia ukurasa wa 11 neno lililopo ni "atalazimika", nalo ni la mkulima. Atalazimika kutunza miti. Atalazimika kutoikata. Atalazimika kurudisha feza miti ikifa. Upande mmoja moyo, upande mwingine kamba.

Hiari hiyo inatoka wapi? Mwaka 1997, kule Kyoto, nchi tajiri zilipewa hesabu ya gesi za kupunguza. Mwaka 2015, Paris, ikakubaliwa kila nchi ijipangie yenyewe lengo lake na kulitangaza. Hayo ni mambo ya serikali. Kule Bulaya kuna viwanda vingine ambavyo sheria inavilazimisha kulipa kwa gesi vinayotoa. Lakini kwa makampuni mengi, ya nguo, ya chokoleti, ya kahawa, hakuna sheria yoyote inayosema wanunue kaboni ya miti ya Kongo. Wanafanya hivyo sababu wateja wao wanauliza, ao sababu ya jina zuri, ao kwa moyo wa kweli. Wako wa kweli, hatutaki kuwatupa wote ndani ya gunia moja.

Ila hiari ni kitu kinachobadilika. Mkurugenzi akibadilishwa, ahadi inaweza kubadilika naye. Mwezi wa kwanza wa 2023, magazeti ya Uingereza na Ujerumani yalitoa uchunguzi uliosema kwamba sehemu kubwa sana ya kaboni ya misitu iliyouzwa chini ya kanuni za Verra haikuwa na upunguzo wa kweli nyuma yake. Verra, shirika la Marekani linaloandikisha kaboni hiyo, ilikataa hesabu zao. Lakini wanunuzi wengi waliogopa, na bei ikateremka. Mnunuzi anaweza kuogopa leo na kufunga mlango kesho. Grevilea yako haiwezi kujua kwamba mnunuzi ameogopa. Bado iko shambani, na wewe bado umekatazwa kuikata.

Tuliomba agronomu wetu atufundishe hesabu yenyewe, sababu tani ya hewa si kitu ambacho mtu anaweza kubeba kwenye kichwa. Mti ukikauka, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni. Kila kilo moja ya kaboni ndani ya mbao imetoka katika kilo 3 na gramu 670 za gesi ambayo mti uliivuta hewani. Basi grevilea yenye kilo 200 za mbao kavu, mizizi ikihesabiwa, imevuta kilo 367. Miti mitatu ya namna hiyo inapita tani moja kidogo. Na kwa upande wa kuchafua: lita moja ya mazutu ikiungua inatoa karibu kilo 2,7. Kwa hiyo tani moja ni karibu lita 370 za mazutu.

Sasa tuseme mtu ana nusu hektari, na wengi wetu hatufiki hata hapo. Amepanda miti 100, mipakani na ndani ya kahawa. Yote imeshika, hakuna mbuzi aliyeila, hakuna mtu aliyekata usiku. Kiisha miaka 15 kila mti una zile kilo 200. Jumla ni tani 36,7. Tuseme tani inauzwa dola 10: ni dola 367. Gawanya kwa miaka 15, inakuwa dola 24 na nusu kwa mwaka. Mpimaji, mkaguzi, mwandikishaji na ofisi ya mjini wakikamata nusu, mkulima anabaki na dola 12 kwa mwaka. Dola moja kwa mwezi.

Bei ya dola 10 tumeiweka sisi kwa mfano tu. Kontra tuliyoachiwa haina bei, imeandika "bei ya soko", bila kusema soko la wapi wala nani atatuambia bei ya siku hiyo. Sisi tuliozoea kudanganywa na mizani ya wanunuzi wa kahawa tunajua maneno hayo yanaelekea wapi.

Hatudharau dola 12. Ni madaftari ya mtoto. Lakini kijana asiahidi mahari juu ya feza ya kaboni. Kwetu feza hiyo ni mboga. Bugali ni kahawa, ni maharagwe, ni mbao, ni udongo usioteremka ziwani kila mvua. Mradi wa kaboni ambao haukuzidishie mavuno hata kama mnunuzi hakulipa, huo usiuingie.

Tukatafuta mifano ya karibu. Kule Kenya, pande za Kisumu na Kitale, shirika la Vi Agroforestry lilifanya kazi na wakulima wadogo: mboleo ya majani, kutochoma mabaki ya mavuno, miti ndani ya shamba. Mpango ulikuwa wa wakulima 60 000 kwenye hektari 45 000. Mwezi wa kwanza wa 2014 walipata kaboni ya kwanza ya udongo wa kilimo kuandikishwa duniani kwa kanuni hizo: tani 24 788. Ukigawanya tani hizo kwa watu wote wa mpango, kila mmoja hapati hata nusu tani. Kama wale wakulima walifanya kazi kwa ajili ya kaboni peke yake, walipata hasara. Kama walifanya kwa ajili ya mahindi, walikula.

Uganda kuna mradi wa ECOTRUST unaoitwa Trees for Global Benefits, ulioanza 2003 upande wa magharibi, karibu na sisi. Wanafuata kanuni za Plan Vivo. Vitu viwili vya kule vimetupendeza. Malipo hayangojei mti uwe mkubwa: yanaanza mapema na yanagawanywa ndani ya miaka 10, mpimaji akiona miti iko. Na Plan Vivo inadai kwamba angalau asilimia 60 ya mapato ya kaboni iwafikie washiriki wenyewe. Ndani ya kurasa zetu 34 hakuna asilimia hata moja iliyoandikwa kwa mkulima.

Hapa kwetu pia mambo si mapya. Kivu ya Kaskazini, tangu 2007, WWF na mashirika ya wapandaji wameendesha EcoMakala, kupanda miti ya makala ili watu wasiende kukata ndani ya Virunga. Mai-Ndombe, tangu 2011, kuna konsesyo ya karibu hektari 300 000 inayouza kaboni ya msitu usiokatwa. Lakini huo ni msitu mkubwa, na aliyetia sahihi na kampuni ni Serikali. Kwetu sisi ni mashamba ya watu, na hapo ndipo ugumu unaanza.

Sababu mti ni wa nani? Wenzetu wa pande zingine watuvumilie, tueleze desturi ya Bushi kidogo. Mwenye kalinzi ametoa ng'ombe ao mbuzi kwa mwami ao kwa shefu, na shamba ni lake na la watoto wake. Mwenye bwasa anakodi tu, msimu ao mwaka, na hana ruhusa ya kupanda kitu cha kudumu: si kahawa, si ndizi, si mti. Juu ya hayo yote sheria ya 1973 inasema udongo ni wa Serikali. Kontra ya kaboni inataka miti, basi inataka mwenye kalinzi. Anayelima bwasa hayumo. Na wengi wa wanaolima bwasa ni wamama wajane na vijana wasio na urithi.

Si hivyo tu. Mwenye kalinzi akijaza miti kwenye sehemu aliyokuwa anakodisha, juu ya zile dola 12, mama wa bwasa anapoteza mahali pa maharagwe. Hakuna mtu Bulaya atakayeona hilo kwenye picha ya satelaiti. Ataona majani ya kijani yameongezeka, atafurahi. Sisi tutaona mtoto wa jirani amekonda. Jambo hilo tulijadiliana kwa masaa, na tunakubali hatukupata jibu kamili. Tulichokubaliana ni hiki: miti iwe ya mipakani, ya kwenye miteremko mikali na ndani ya kahawa, na shamba linalokodishwa kwa chakula lisiingizwe kwenye kontra ya koperative.

Upande wa mbabula ni afadhali, lakini nao una siri yake. Mbabula bora inakula makala kidogo, na makala ambayo haikuchomwa inahesabiwa kama gesi iliyopunguzwa. Kampuni inanunua hesabu hiyo, ndiyo maana mbabula inauzwa kwa bei ndogo. Hakuna ubaya. Lakini mama anapopokea mbabula anatia kidole kwenye karatasi, na karatasi hiyo inasema kwamba upunguzo wote utakaotoka jikoni kwake ni mali ya mradi. Wangapi wameambiwa? Tuliuliza wamama kwenye kikundi kimoja, wakafikiri ni orodha ya waliopokea. Pengine wangekubali hata wakiambiwa. Macho yao yamepona moshi, na gunia la makala sasa linafika mbali. Ila waambiwe.

Kuna jambo lingine ambalo memba wachache wanalijua. Wanunuzi wetu wa kahawa nao wana ahadi zao. Kampuni ya kahawa ikihesabu gesi zake haihesabu tu umeme wa ofisi. Inahesabu pia shamba letu: mboleo ya kiwandani, maganda ya kahawa yanayooza ndani ya shimo la stesheni na kutoa gesi kali ya metani, kamiyo inayobeba magunia, meli. Sisi tuko ndani ya daftari lake, tupende tusipende. Basi tukiuza kaboni ya miti yetu kwa kampuni ya ndege, na mnunuzi wa kahawa naye akaandika miti hiyohiyo kwake, mbuzi mmoja ameuzwa mara mbili, na siku ya kukamatwa wataitwa wezi ni sisi. Kabla ya kutia sahihi na mgeni, tumuulize kwanza mnunuzi wa kahawa. Huenda yeye atalipa vizuri zaidi, kwa njia ya bei ya kilo, na bila kurasa 34.

Maganda yenyewe hatukungoja mtu. Tangu msimu huu tunayageuza kila wiki pamoja na majani na kinyesi cha mbuzi, na kila memba anarudi nyumbani na gunia lake la mboleo. Hakuna aliyetulazimisha. Hiyo pia ni hiari, hata kama hakuna mtu atakayeiandika kwenye ripoti yenye picha.

Na tuwaulize wenye hiari wote swali moja, wakiwemo marafiki zetu wanaotoa gazeti hii: kwenu mmepunguza nini kwanza? Kuna kundi linaloitwa Science Based Targets, lililoanza 2015, ambalo linakagua ahadi za makampuni. Halikubali kampuni ijaze malengo yake ya miaka ya karibu kwa kaboni iliyonunua kwa wengine. Inapaswa kupunguza kwenye viwanda vyake na kwenye njia zake. Majina ya makampuni yaliyokaguliwa ni ya wazi, mtu wa mjini mwenye intaneti anaweza kutuangalizia. Anayepunguza kwake, kiisha akaja kulipa kwa kile kilichobaki, huyo tutakaa naye. Anayekuja kwetu ili asiguse chochote kwake, huyo anatutumia kama sabuni.

Motokari ya mradi inayokunywa lita 15 kwa kilometre 100 inamaliza tani moja kwa karibu kilometre 2 500. Tumeona siku ambazo motokari tatu zinakuja kwenye semina moja, kila moja na mtu mmoja ndani. Tunasema hayo kwa upendo. Mkikaa wote ndani ya moja, mtakuwa mmepunguza zaidi ya miti yetu mingi, na vumbi pia.

Mtu anaweza kusema: ninyi wakulima mnajadili sana, wakati dunia inaungua. Mkongomani mmoja, kwa mafuta yote anayochoma, hafiki kilo 100 za gesi hiyo kwa mwaka. Mmarekani anapita tani 13. Miti tunayokata ni hesabu nyingine, na hapo sisi hatuko wasafi, tukubali. Lakini watu wa Kalehe hawana haja ya kufundishwa uzito wa jambo hili. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, mvua iliteremsha milima juu ya Nyamukubi na Bushushu, na watu zaidi ya 400 walikufa. Wengine hawajapatikana mpaka leo. Sisi tulizika. Miteremko iliyo uchi inahitaji miti, kampuni ilipe isilipe, na tutaipanda. Ndiyo maana hatutaki miti hiyo ifungwe kwa karatasi mbovu.

Kwa hiyo tumewaandikia wageni barua. Tumeomba kontra iletwe kwa Kiswahili, isomwe mara mbili: mara ya kwanza kwenye vikundi, mara ya pili kwenye mkutano mkuu. Chini ya sheria ya OHADA ya 2010, ambayo makoperative yetu yanafuata, mkutano mkuu ndio mkubwa, rais ni mtumishi wake. Tumeomba bei ya chini kabisa iandikwe kwa dola, na asilimia ya mkulima iandikwe kwa namba. Mnunuzi akiacha kulipa, miti iwe huru siku hiyohiyo. Mti uliokomaa tuweze kuukata mbao na kupanda wawili mahali pake.

Na jambo la mwisho ndilo lilileta kimya kwenye kikao: vita. Kontra inasema mkulima anayeacha shamba anarudisha feza. Mwenye kuandika hayo hajawahi kufunga godoro usiku. Tukikimbia, na wanaopita nyuma yetu wakakata miti ili wapike, hilo lisiwe deni letu. Kama kampuni haikubali maneno hayo, basi haitaki kufanya kazi Kivu, inataka kufanya kazi kwenye ramani.

Mpaka leo jibu halijafika. Kontra iko kwa sekretere, ndani ya sanduku la bati, haijatiwa sahihi. Kila kikundi kitume watu wawili kwenye mkutano utakaokuja kisha mavuno, mmoja wao awe mama, na vikundi vyenye watu wa bwasa vilete mmoja wao pia. Anayetaka kuisoma mapema apite siku ya soko, mbele ya saa sita, mwalimu atakuwepo.